Mawifi wawili, magoti manne: jeli, vidonge, sindano ama mazoezi?

Nyumbani kwetu kuna mawifi wawili, mamangu na shangazi, na wote wawili magoti yaliwagomea karibu wakati mmoja, mama akashika njia yake na shangazi yake, mie nikawa dereva, mbeba mafaili na wa kupanga foleni kwa wote. Kwa hivyo huu ulinganisho naufanya hivo hivo, mtu kwa mtu, manake kuniuliza ati dawa gani nzuri ya goti bila kuniambia goti lenyewe ni la nani, siwezi kukujibu. Mama yuko Likoni, hapa Mombasa, ana presha, ana sukari, na mwili umejaa. Shangazi yuko Majengo ghorofa ya tatu, lifti hakuna, mwembamba, presha yake safi kuliko yangu, lakini tumbo lina vidonda na lishawahi kumlaza hospitali. Ukisoma ujiulize wewe uko upande wa mama ama wa shangazi.

Kwanza tuelewane ni ugonjwa gani. Hapa kwetu kila kinachouma kwenye viungo ni baridi yabisi, basi, na wazee watakwambia mafuta ya goti yameisha. Hii ninayoisema ni ile ya gegedu, ule utando unaoteleza kwenye ncha za mifupa, kulika pole pole na kiungo kizima kubadilika, mfupa, misuli, hadi ngozi ya ndani inayotoa maji. Mafuta hayajaisha, tena goti lililovimba mara nyingi lina maji mengi kuliko kawaida. Linauma ukitembea ama ukipanda ngazi, ukipumzika lapoa, na asubuhi linakuwa gumu kidogo, chini ya nusu saa hivi, halafu lafunguka. Ugumu wa asubuhi ukiwa wa saa nzima na vidole vya mikono yote miwili vimevimba, hiyo huenda ikawa rumatoidi na dawa zake ni nyingine kabisa. Na goti likivimba ghafla, likawa jekundu la moto na una homa, achana na kusoma, nenda hospitali leo leo. Eksirei nayo isikutishe sana. Picha ya shangazi ilikuwa mbaya kuliko ya mama lakini mama ndo alikuwa akilia usiku, na hiyo ni kawaida, picha na maumivu haviendi pamoja kila mara.

Jeli na vidonge

Watu wengi wanaanza na kidonge, mie naona ingekuwa jeli. Jeli ya diclofenac na kidonge cha diclofenac ni dawa ile ile, njia ndo tofauti: kidonge kinapita tumboni na kuzunguka mwili mzima kabla kifike gotini, jeli unaipaka pale pale na inayoingia damuni ni kidogo sana, karibu asilimia 6 tu ya ile ya kidonge. Kwa goti na vidole vya mkono inafanya kazi, na muongozo wa 2022 wa NICE, ile taasisi ya Uingereza inayowaandikia madaktari miongozo ya matibabu, unaiweka mbele ya vidonge kwa goti. Kwa nyonga usijisumbue, kiungo kiko ndani sana haifiki.

Sasa shida ya jeli ni kwamba watu wanaipaka kama wanja, halafu baada ya siku 2 wanasema haifanyi kitu. Kwa ile jeli ya asilimia 1 maelekezo ya goti ni gramu 4, mara 4 kwa siku. Piga hesabu: gramu 16 kwa siku, tyubu ya gramu 50 haimalizi siku 4 kwa goti moja, na mtu mwenye magoti mawili ndo kabisa. Kwa hivyo jeli ni salama zaidi lakini si rahisi kimfuko vile inavyoonekana pale kwa duka la dawa, uliza tyubu kubwa, na uipe wiki kadhaa kabla hujaisema vibaya. Usipake penye kidonda, na usipake huku unameza kidonge cha familia hiyo hiyo.

Kuna na krimu ya pilipili, ile yenye capsaicin, inachoma wiki ya kwanza halafu maumivu yanapoa kwa wengine. Mama aliipaka akasahau akajifuta jicho. Hataki kuisikia tena.

Vidonge vya familia ya Brufen, diclofenac, naproxen na wenzao vina nguvu, hilo sikatai, na kama viungo vinavyouma ni vingi huwezi kujipaka mwili mzima. Lakini tazama hawa wawili wangu. Mama anameza losartan na kidonge cha kukojoa kwa sababu ya presha, ukimwongezea Brufen juu yake zile dawa za presha zinapungua nguvu, mwili unashika maji na chumvi, na hizo tatu pamoja zinaweza kuziangusha figo, tena figo zenyewe zishachezewa na sukari miaka. Daktari wake alimkatalia kavu. Shangazi naye figo hazina neno ila tumbo, na hizi dawa ndo zinazochimba vidonda na kutoa damu, kwa hivyo kwake kama ni lazima basi ni celecoxib, ya ukoo huo huo ila mpole zaidi kwa tumbo, pamoja na omeprazole ya kulinda tumbo, dozi ndogo, siku chache, na kwa maandishi ya daktari, si kwa kuelekezwa na jirani. Hata hiyo kundi la celecoxib halina baraka yote, ndugu yake rofecoxib, ile iliyouzwa kwa jina la Vioxx, iliondolewa sokoni 2004 kwa sababu ya mishtuko ya moyo na kiharusi.

Na hapa niseme kitu kimoja kinaniudhi. Ile sindano ya diclofenac ya matakoni ambayo watu wanaidunga kila wakibanwa, ati "sindano haipiti tumboni haina madhara". Inaingia damuni, na kutoka damuni inaliharibu tumbo na figo vile vile. Si dawa tofauti.

Panadol haina makuu, haimuumizi mama wala shangazi mradi wasipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24 na wahesabu na ile iliyomo kwenye dawa za mafua, lakini kwa goti ni dhaifu, NICE wenyewe hawaipendekezi tena kama dawa ya kila siku ya ugonjwa huu. Tramadol, ile ya maumivu makali, ndo usiniambie, kizunguzungu, choo kigumu, na kuzoea, na mzee mwenye kizunguzungu kwenye mteremko wa feri saa 12 jioni watu wakisukumana, sitaki hata kufikiria.

Sindano na mazoezi

Hapa ndo mawifi waliachana. Mama alichagua sindano ya goti, ile ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, manake kulikuwa na harusi ya mjukuu wa jirani na alitaka kusimama kwenye kupika. Shangazi anaogopa sindano tangu utotoni, akachagua fizio, yaani mazoezi ya tiba, sio kwa busara yoyote, kwa woga tu.

Sindano ya mama ilikuwa kama muujiza, siku ya 3 anatembea anacheka. Harusini alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi za biriani lote, kile kibao cha chini chini ambacho goti lenye gegedu limelika halikitaki kabisa. Lakini sukari yake! Kawaida yake asubuhi ilikuwa 8 ama 9, ile wiki ilipanda ikapita 15, na hakuna aliyetuambia mapema, tulikwenda kwenye hiyo kliniki wakamdunga wakatupa risiti. Steroidi ya goti inapandisha sukari kwa siku kadhaa, hiyo ni jambo linalojulikana, kwa hivyo mwenye sukari apime mara nyingi zaidi wiki hiyo na aongee na daktari wake wa sukari kabla. Nafuu nayo ilidumu kama wiki 7 hivi halafu goti likarudi pale pale. Wiki chache, wengine miezi 2 au 3, ndo kawaida yake.

Mama akataka nyingine, na nyingine. Hapo nikaanza kusoma. Kuna utafiti wa Marekani wa 2017, watu 140, nusu walidungwa steroidi ya triamcinolone kila wiki 12 kwa miaka 2, nusu wakadungwa maji ya chumvi tu, na mwisho wake wa steroidi gegedu lilikuwa limelika zaidi na maumivu hayakuwa nafuu kuliko wa maji ya chumvi. Mara moja kwa sababu maalum sawa, harusi, safari ya Hija, goti lililovimba hadi mtu hawezi kuanza mazoezi. Kuifanya ratiba ndo balaa. Tena kama umepangiwa kubadilishwa goti, sindano isiwe ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji, hatari ya kuingia vijidudu inapanda.

Sasa shangazi. Mwezi wa kwanza wa fizio alikuwa akinilaumu mie. Anapanda tuktuk kutoka Majengo, anafika pale, anaambiwa keti kwenye kiti, nyoosha mguu, kaza paja, hesabu hadi 10, teremsha, rudia mara 10, halafu simama na uketi bila kushika kiti. "Hii ndo nimelipia?" Goti lilimuuma zaidi wiki 2 za mwanzo na angeacha kama yule dada wa fizio hakumpa kanuni moja rahisi: maumivu ya wastani wakati wa zoezi yanaruhusiwa, mradi kesho asubuhi goti liwe limerudi hali yake, lisiporudi umezidisha, punguza, usiache. Kuanzia wiki ya 8 hivi ndo akaanza kusema ngazi zimepungua. Hazijapungua, ghorofa ni ile ile ya tatu, paja ndo limepata nguvu na paja likiwa na nguvu goti linabebwa.

Na si shangazi pekee. Kuna utafiti uliotoka 2020 kwenye jarida la New England la tiba, wagonjwa 156 wa magoti, nusu fizio nusu sindano za steroidi, wakafuatwa mwaka mzima. Wanapimwa kwa alama za maumivu, ugumu na kazi za kila siku, 0 ndo nzuri na 240 ndo mbaya kabisa. Wote walianza kwenye 107, 108 hivi. Baada ya mwaka wa fizio walikuwa 37 na wa sindano 55.8. Ona sindano haikuwa bure, ilishusha, lakini fizio ilishusha zaidi. Ndo mama na shangazi kwa tarakimu.

Mbaya ya mazoezi ni mbili tu, yanataka wiki 6 hadi 12 kabla uone kitu, na ukiacha yanaondoka. Nauli pia, sikatai, ukihesabu kwenda na kurudi mara 2 kwa wiki. Lakini huhitaji kwenda milele. Mpango wa Denmark ulioanza 2013, unaitwa GLA:D, ni masomo kidogo na vipindi 12 vya mazoezi, baadaye unaendelea mwenyewe. Coast General kuna fizio, na hospitali kubwa za binafsi kisiwani pia, ukipata vipindi vichache vya kufundishwa umbo sahihi mengine ni kiti chako na sebule yako.

Halafu sisi tuna bahari jamani. Maji yakikufika kiunoni uzito unaobebwa na miguu unapungua karibu nusu. Shangazi siku hizi anashuka ufuoni na wenziwe alfajiri, wamevaa madira yao, wanatembea ndani ya maji kwenda na kurudi. Angalia maji tu, bamvua likitoka unatembea kilomita kutafuta pa kuzama na mwamba unakata miguu, maji yakiwa mafu ndo raha. Vaa viatu vya plastiki kwa sababu ya miba. Mchanga mkavu wa juu nao uuache, unateleza huku na huku na goti linapinda, bora mtu atembee Mama Ngina penye sakafu sawa.

Zile zenye majina makubwa

Kliniki moja, sitaitaja, ilimwambia mama achangishe watoto tumfanyie PRP, yaani unatolewa damu yako, inazungushwa kwa mashine, ile sehemu yenye chembe sahani unadungwa gotini. Bei waliyotaja tungenunua boda. Nikauliza ushahidi nikaonyeshwa picha za watu wanatabasamu. Utafiti mkubwa wa Australia wa 2021, watu 288, sindano 3 za PRP dhidi ya sindano 3 za maji ya chumvi, baada ya miezi 12 hakukuwa na tofauti ya maana, si maumivu si gegedu. Mie na pesa za kuchangisha hapana.

Ile nyingine ya "kuongeza mafuta ya goti", asidi ya hyaluroniki, inauzika hapa vizuri sana kwa sababu wazee washaamini mafuta yameisha, mtu akiambiwa kuna sindano ya kuyarudisha anatoa pesa hata haulizi. NICE wanasema isitolewe. Kuna madaktari wanaoipenda na wagonjwa wanaoapa kwayo, lakini ukiwa na kiasi hicho cha pesa kinakununulia fizio miezi.

Glukosamini, vile vidonge vikubwa vinavyoletwa na watoto walioko nje. Utafiti wa Marekani wa 2006 uliwachukua watu 1,583 na kwa jumla haikuishinda dawa bandia. Haidhuru wengi, ila nyingi zinatengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa, kwa hivyo wewe ambaye ukila kamba unavimba midomo jihadhari, na anayemeza warfarin, ile ya kulainisha damu, amwambie daktari kwanza.

Uzito

Hapa shangazi hahusiki, ni mama, na ni mimi pia nikijitazama. Utafiti wa 2005 ulionyesha kila kilo 1 inayotoka mwilini inalipunguzia goti mzigo wa kilo 4 kwa kila hatua. Hesabu hatua za kutoka stendi hadi kwenye feri. Mama ana kilo 94, akipunguza 9, yaani karibu asilimia 10, huo ni mzigo wa kilo 36 kila anapokanyaga, na hakuna kidonge kinachofanya hivo. Hatukumkataza mahamri, tungefukuzwa, tulifanya 2 badala ya 5 na mbaazi bila tui zito, na soda ikatoka nyumbani kabisa, ambayo sukari pia ilishukuru. Kwa mwaka ametoa kilo 6.

Siku hizi kuna na sindano za kila wiki za semaglutide, dawa ya sukari na ya kupunguza uzito. Utafiti wa 2024 wa watu 407 wanene wenye magoti mabovu, wiki 68, waliodungwa walipungua karibu asilimia 14 ya uzito na maumivu yakashuka zaidi ya wenzao. Dawa ni ya kweli, ila ni ghali na ya kuendelea nayo, na kichefuchefu chake si cha mchezo. Kwa mwenye sukari na unene kama mama ni swali la kumuuliza daktari.

Hijama, kuchuliwa na unga wa chupani

Kuchuliwa na mafuta ya moto mie sina neno, misuli inalegea, mtu analala vizuri, kesho yake anafanya mazoezi vizuri. Kitambaa cha moto kwa goti gumu, barafu kwa goti lililovimba, hiyo bure na inasaidia. Hijama mama anafanya kwa imani yake na anapata raha, ushahidi wake kwa goti ni mwembamba, ninachodai ni wembe mpya mbele ya macho yangu, na mwenye sukari kidonda chake kinachelewa kupona, na anayemeza dawa za kulainisha damu asikatwe.

Ninachokiogopa ni ule unga usio na jina, ama vidonge vya "mitishamba mitupu" vinavyoponya kwa usiku mmoja. Mti hauna haraka hivo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo, walipoipima wakakuta diclofenac na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, ndani, na hazikuandikwa kwenye chupa. Yaani zile dawa mbili nilizozieleza juu, za kuangusha tumbo na kupandisha sukari, umezimeza bila kujua. Ukiwa unatumia kitu cha aina hiyo miezi na uso umekuwa mviringo na sukari haishikiki, usiikate ghafla pia, steroidi ikikatwa ghafla mwili unaweza kuzimia, chukua chupa yako nenda nayo kwa daktari hata kama unaona haya.

Bakora

Hii ndo rahisi kuliko zote na ndo iliyoleta ugomvi mkubwa kuliko zote. Fizio alimwambia mama atumie fimbo, mama akasema yeye hajawa kizee. Akaanza kubeba mwavuli, jua lisiwe jua, mvua isiwe mvua, anauegemea, na anauegemea mkono wa upande ule ule wa goti bovu, ambayo ni kosa. Fimbo inashikwa mkono wa pili, goti la kulia likiuma fimbo iko kushoto, inaondoka na mguu mbovu pamoja. Na kimo chake kishiko kifike kwenye kifundo cha mkono ukiwa umesimama wima mikono imening'inia, chini iwe na mpira, manake sakafu za vigae za huku na maji ya udhu ni kuvunjika nyonga.

Shangazi ndo alimaliza maneno. Alikuja Likoni na bakora ya marehemu mumewe, akasema "Wifi, hii ilikuwa ya kakako, ukiikataa wamkataa yeye." Tukaikata kimo, tukaivisha mpira. Sasa mama anaibeba hata siku goti haliumi, manake ameona akiwa nayo kwenye feri watu wanampisha.